Ufeministi wa Simu na Maneno ya Wakuria: Uhakiki wa Istilahi Wilayani Tarime na Serengeti

Istilahi huzaliwa kwa njia mbili. Ipo inayotungwa mezani, ikajadiliwa, ikasanifiwa na kuchapwa; na ipo inayookotwa njiani, ikatumika kabla mtu yeyote hajauliza maana yake. Zamani njia hii ya pili ilikuwa ndefu. Neno lilisafiri kwa redio, kwa gazeti lililochelewa siku kadhaa, kwa mwalimu aliyerejea likizo, na katika mwendo huo lilichujwa na watu wengi. Siku hizi neno hufika Sirari, Nyamongo na Mugumu siku ileile lilipotamkwa Dar es Salaam au London, tena hufika likiwa na picha, kicheko na hasira juu yake. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kundi moja la maneno yaliyofika kwa njia hiyo, nayo ni maneno yahusuyo ufeministi, na kupima yanavyokutana na maneno ambayo wenyeji wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanayo tangu zamani.

Wilaya hizi hatukuzichagua kwa bahati. Hapa suala la mwanamke lina msimu wake katika kalenda. Aghalabu ifikapo Desemba, shule zinapofungwa, na hasa katika miaka ya shufwa, koo kadhaa za Wakuria hutahiri vijana wao, wavulana kwa wasichana. Utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na mkoani Mara asilimia 32. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 8 kwa taifa na 28 kwa Mara. Idadi inapungua, lakini inapungua polepole. Kwa hiyo mkazi wa Tarime anapolisikia neno la kumtetea mwanamke, analisikia akiwa na binti nyumbani ambaye jambo lake litaamuliwa kabla ya Krismasi. Maana ya neno kwake ina uzito usiokuwapo kwa msomaji wa mjini anayelitumia kwa mabishano ya jioni.

Ni vema tuseme mapema kwamba wazo lenyewe si geni mkoani Mara. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake mwaka 1944 alipokuwa mwanafunzi Makerere, akiyatumia mawazo ya John Stuart Mill kuipima hali ya mwanamke wa Kiafrika. Mwaka 1967, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, alitaja hali duni ya wanawake kuwa moja ya kasoro za jamii yetu ya jadi, na Azimio la Arusha la mwaka huohuo likakiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita mtu mwingine yeyote nchini. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulikwisha kuundwa mwaka 1962. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987 na kutoa jarida la Sauti ya Siti. Mtandao wa Jinsia, TGNP, ukafuata mwaka 1993. Katika miaka yote hiyo watu walisema "maendeleo ya wanawake", "ukombozi wa wanawake", "haki za akina mama". Neno "feministi" halikuwa mdomoni mwa wengi, na kazi iliendelea bila hilo. Baada ya mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Bi. Gertrude Mongella, wananchi walijipatia neno lao wenyewe: wakasema "mambo ya Beijing". Lilikuwa neno la dhihaka nusu na la hofu nusu, lakini angalau lilikuwa na mahali na tarehe. Aliyelitumia alijua analitaja azimio gani, hata kama alilichukia.

Sasa tulitazame neno la leo. Wahakiki wa fasihi wana maneno mawili, "ufeministi" na "ufeminia", na vitabu vyetu huyatumia kana kwamba ni ndugu pacha. Sisi twaliona la kwanza kuwa bora. Limejengwa juu ya jina la mtu, kama tulivyojenga "ukomunisti" juu ya mkomunisti, na msomaji aliyezoea mjengo huo hatapotea. "Ufeminia" haliko karibu na mtu wala na tendo. Lakini jambo tunalotaka kulisisitiza ni kiambishi. Kwa kanuni ya mjengo huo, mtu ni mfeministi na wengi ni wafeministi. Mitandaoni mambo yamekuwa mengine: wengi wao huandikwa "mafeministi". Msarufi anaweza kulitetea umbo hilo kwa kutaja madaktari, mawaziri na mahakimu, ambao nao ni watu waliopewa "ma-" kwa sababu majina yao yametoka nje. Hoja hiyo ni sahihi nusu. Kiswahili kina "ma-" nyingine, ile ya majitu na majizi, na mzungumzaji huziteleza hizi mbili bila kutangaza. Mtu akiandika "madaktari wamesema" twasikia heshima. Akiandika "mafeministi wamesema" twasikia kundi linalokuja na marungu. Hapana aliyetunga dharau hiyo kwa kusudi. Imekua kwa kurudiwarudiwa, katika maandishi mafupi ambayo hayana nafasi ya kufafanua, na kijana wa Mugumu aliyelipata neno huko kwanza hana habari kwamba lina umbo jingine.

Maneno mengine yamepotoka kwa njia iliyo karibu na hiyo. "Hamsini kwa hamsini" lilikuwa lengo la kisiasa: Itifaki ya SADC ya mwaka 2008 kuhusu jinsia na maendeleo ilitaka nusu ya nafasi za maamuzi ziwe za wanawake ifikapo mwaka 2015. Katika simu neno hilo sasa ni la kugawana ada ya chakula hotelini. "Mfumo dume" lilikusudiwa kutaja utaratibu mzima wa mali, urithi na mamlaka, nalo kama istilahi lilikuwa la kufaulu: fupi, la Kiswahili, lenye kukaa kichwani kuliko "taasubi ya kiume" linalotumiwa zaidi Kenya. Siku hizi husomwa kama jina la tabia ya bwana fulani aliyemkaripia mkewe. Tena kwa mfugaji wa Tarime "dume" ni mnyama wa thamani zizini, na ukimwambia mfumo wake ni wa dume huenda akashukuru.

Lakini upotofu mkubwa kuliko wote, na ambao hasa ndio uliotufanya tuandike, ni ule uliolipata neno la Kikuria *nyumba ntobhu*. Neno hili kwa kawaida hufasiriwa "nyumba ya wanawake". Utaratibu wenyewe ni huu. Kwa desturi ya Wakuria, mali ya mwanamke aliyeolewa iko katika nyumba yake, na nyumba hurithiwa na mtoto wa kiume. Mwanamke asiye na mwana wa kiume, au mjane asiye na mtoto kabisa, nyumba yake haina wa kuishika. Ng'ombe na shamba vitakwenda kwa ndugu wa mume. Ili nyumba isimame, mwanamke huyo hutoa mahari ya ng'ombe na kuoa msichana. Msichana huja kama mke wa mwana ambaye hakuzaliwa, na kwa hiyo wengine huita ndoa hiyo *mokamona*, yaani mke wa mwana. Huchaguliwa mwanamume wa kuzaa naye. Watoto si wake, ni wa nyumba ile. Kati ya wanawake hao wawili hakuna uhusiano wa kimapenzi. Uhusiano wao, kwa hesabu ya desturi, ni wa mkwe na mkaza mwana.

Mwaka 2016 jarida la wanawake la Marie Claire lilichapa habari ndefu juu ya ndoa hizo, nayo ilisomwa ulimwenguni kote. Habari yenyewe ilieleza wazi kwamba si ndoa za kimapenzi. Baada ya hapo ilianza kazi ya mitandao, ambayo ni kukata. Vipande vya picha na video vilizungushwa vikiwa na kichwa cha maneno machache, na kutokana na vipande hivyo zikapatikana fasiri mbili zinazopingana. Ya kwanza ilisema kwamba Wakuria walivumbua ufeministi kabla ya Wazungu: tazama wanawake wanaoishi bila mume, wenye mali yao na uhuru wao. Ya pili ilisema kwamba kuna kabila Tanzania ambalo huruhusu ndoa za jinsia moja. Wanaoshika fasiri ya kwanza hupongeza, wanaoshika ya pili hulaani au hucheka. Wote hawamwoni msichana.

Tuianze ile ya kupongeza, kwa kuwa ndiyo iliyojivika joho la elimu. Ni kweli, na haifai kukataa, kwamba wako wanawake wanaosema wanapendelea nyumba hiyo kuliko kupigwa na mume. Lakini ukiuliza nyumba imejengwa kwa ajili ya nani, jibu ni mwana wa kiume: yule aliyekosekana na yule anayetarajiwa. Mwanamke mzee anaihifadhi mali kwa kuuvaa ubaba, na msichana ameletwa kwa ng'ombe, mara nyingine akiwa na umri wa shule, ili azae. Wakikosana, watoto hubaki na aliyetoa mahari. Mwanamume aliyezaa hadaiwi matunzo. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo anayetoka katika nyumba ntobhu hana ndoa ya kudai talaka mahakamani wala mgawanyo wa mali ya ndoa. Kuuita utaratibu huo ufeministi bila maelezo zaidi ni kumvika mtu nguo ya sikukuu ilhali ana homa. Mfeministi wa kweli angeanza na swali la urithi: kwa nini binti aliyezaliwa katika nyumba ile haishiki?

Fasiri ya pili ina hatari ya namna nyingine, nayo inatupeleka kwenye neno "jinsia". Wanaistilahi wamejitahidi kwa miaka mingi kutenga "jinsi", hali ya maumbile ya kike au ya kiume, na "jinsia", nafasi ambazo jamii huwapa wanawake na wanaume. Utengano huo ulikuwa mgumu tangu mwanzo. Maneno yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na "jinsi" lina kazi yake nyingine ya kueleza namna ya kufanya jambo, kazi ambayo halitaiacha. Hata hivyo "jinsia" lilishika: lina Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, lina "ukatili wa kijinsia", lina "bajeti yenye mtazamo wa kijinsia". Kisha mitandao ikalirudia mara elfu katika tungo moja tu, "jinsia moja", na tungo hiyo ikalipaka rangi neno zima. Katika nchi ambayo sheria na maoni ya wengi hayakubali mahusiano ya namna hiyo, mzazi anayesikia kwamba mgeni amekuja kufundisha "mambo ya jinsia" ana haki ya kushtuka, maana simu imekwisha kumfasiria. Na mwanamke wa nyumba ntobhu, ambaye kwa jirani zake alikuwa mjane anayeshika nyumba, anajikuta ametiwa katika mjadala asioufahamu, kwa neno ambalo Kikuria hakina.

Rai yetu katika hili ni nyepesi. Neno "nyumba ntobhu" lichukuliwe katika Kiswahili kama lilivyo, liingie kamusini na maelezo yake, na lisitafsiriwe "ndoa ya wanawake", sembuse "ndoa ya jinsia moja". Kanuni yetu ya kutafuta istilahi katika lugha za Kibantu kabla ya kwenda nje haikuwekwa kwa maneno ya karakana na maabara peke yake. Hapa lugha ya Kibantu ina neno kamili, nasi tulilifukuza kwa tafsiri.

Neno la tatu la kuhakiki ni "ukeketaji". Historia yake ni ya kuvutia. Kitendo hiki kiliitwa "tohara ya wanawake", na tohara ni usafi. Asemaye tohara amekwisha kukisifu kitendo kabla ya kukijadili. Watetezi wa wanawake walilichukua tendo la kukeketa, ambalo kwa Kiswahili ni kukata kwa kisu kibutu, kwa kuvutavuta, wakaliunda kuwa jina. Tunakiri kwamba hii ni moja ya istilahi chache ambazo zimefanya kazi ya sheria na ya dhamiri kwa wakati mmoja. Lilienea kwa redio na mikutano kwanza, na mitandao ikalisambaza kote. Linganisha na "rununu" na "ngamizi", maneno yaliyotungwa kwa jasho na kuachwa kabatini, na msomaji ataona kwamba watu hawachukui neno kwa sababu lina muhuri.

Hata hivyo, neno hili limefika Tarime likikuta pengo ambalo halikulijaza. Wakuria huita sherehe yote *esaaro*: kukatwa kumo, lakini kumo pia kuingia rika, ngoma, zawadi, kutambuliwa na ukoo, kuwa mtu wa kuozwa. Wazee wa *inchama* hutangaza msimu, ngariba hufanya kazi yake, jamaa hula na kucheza. Katika mitandao "ukeketaji" hutumika kwa yote hayo bila kutenga, na picha inayowekwa ni ya wasichana waliovaa kanga wakitembezwa njiani kwa ngoma. Matokeo yake, mzee anayeambiwa aache ukeketaji anasikia kwamba aache esaaro. Na kwa kuwa wavulana nao huingia rika kwa esaaro, anasikia kwamba aache kuwa Mkuria. Hapo mjadala umekwisha kabla haujaanza. Lakini kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kwa miaka mingi kimewapokea wasichana msimu wa Desemba, kikawafundisha, kisha kikawafanyia sherehe ya kuhitimu pasipo kisu. Walioanzisha jambo hilo walitenga kwa vitendo kile ambacho istilahi haijatenga. Sisi twapendekeza kwamba "ukeketaji" libaki kuwa jina la kukata, na "esaaro" litajwe kwa jina lake pindi sherehe inapokusudiwa, hata iwezekane kusema kwa Kiswahili fasaha: esaaro bila ukeketaji. Tungo hiyo leo ingemshangaza msomaji wa mitandao. Haimshangazi binti aliyehitimu Masanga.

Twaongeza neno dogo juu ya sheria. Husemwa kila siku mitandaoni kwamba ukeketaji umepigwa marufuku Tanzania. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo imo katika Kanuni ya Adhabu, inamlinda aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Mwanamke wa miaka ishirini anayelazimishwa na wakwe hatajwi humo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 haikuweka mpaka wa umri. Kwa watu wanaovuka mpaka wa Sirari na Isebania kama wavukavyo barabara, tofauti hiyo ya maneno si ya vitabuni, na neno moja la "marufuku" huificha.

Isidhaniwe kwamba tunaishutumu simu kwa kila jambo. Tangu mwaka 2015 wapo watu wa kujitolea, wengi wao hawajapata kuiona Serengeti, ambao huchora ramani za vijiji vyake kwa kompyuta katika kazi iitwayo Crowd2Map, ili polisi na waokoaji wapate njia usiku msichana anapopiga simu. Bi. Rhobi Samwelly, mwenyeji wa mkoa huo na mkurugenzi wa shirika la Hope for Girls and Women, ameitumia ramani hiyo katika kazi yake ya kuwapokea wasichana waliokimbia. Filamu ya mwaka 2018 ya Giselle Portenier, *In the Name of Your Daughter*, iliwaonyesha walimwengu kazi ya Mugumu. Tunachokiona hapa ni simu inayotaja jina la kijiji, la mto na la njia ya ng'ombe, na kwa kuyataja sawasawa inaokoa mtu. Kazi hiyo yote inategemea majina kuwa sahihi. Ingekuwa vema wale wanaoandika juu ya ufeministi katika simu hizohizo wawe waangalifu kama wachora ramani.

Lakini hata vituo hivyo vimebeba jina tunalolitilia shaka. Huitwa "nyumba salama", tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kwa mji wa Dar es Salaam jina hilo halina ubaya. Kwa Mkuria, ambaye nyumba ni mama, mali na urithi wake, kuambiwa kwamba binti yake amekwenda "nyumba salama" ni kuambiwa kwamba nyumba ya mama yake si salama, na tena kwamba ameingia nyumba nyingine, jambo ambalo kwa desturi hufanywa na anayeolewa. Wasichana wengi hurudi kwao baada ya wazazi kuweka ahadi ya maandishi. Jina lisingefanya kurudi huko kuwa kugumu zaidi. "Kituo", "kambi" au "kimbilio" yangetosha, na la mwisho lina faida ya kusema kwamba mtu hukimbilia mahali kwa muda.

Limebaki neno moja ambalo halitoki simuni kabisa, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote tuliyoyataja. Msichana asiyekatwa huitwa kwa Kikuria *omosagane*, na wengi ni *abasagane*. Ni jina la hali, lakini likitamkwa kwa mwanamke mzima kisimani huwa tusi, na wapo waliokubali kisu wakiwa na watoto tayari ili tu wasiitwe hivyo tena. Mitandao hailitaji, kwa kuwa haijui kwamba lipo; watetezi wa mjini nao hulipita. Sisi tunaomba likusanywe, liandikwe katika orodha ya istilahi za ukatili dhidi ya wanawake pamoja na maana yake zote mbili, ili hakimu, mwalimu na askari wa dawati alisikiapo kwa Kikuria katika ushahidi asilifasiri tu kuwa "msichana".